Fundi wa Paa Linalojikunja

Kwa miaka yote niliyofanya kazi kando yake, sikuwahi kumwona fundi yule akiendesha gari. Hakujua, na wala hakutaka kujua. Gari likiisha kutengenezwa alimpa mwenyewe funguo, akasimama kando akifuta mikono, akangoja liondoke. Watu wa Kitengela walimcheka sana. Fundi wa umeme wa magari, tena magari ya fahari ya zamani, yale yenye paa la turubai linalopanda na kushuka lenyewe ukibonyeza swichi, naye hajui hata gia ya kwanza iko wapi! Ukimtania alikujibu bila kuinua kichwa, "Daktari ya meno anakutafunia chakula?"

Mimi nilikuwa jirani yake wa kazi. Nashona viti na maturubai ya magari, na ndiyo sababu wengi hawanijui kwa jina, wananiita Mama Viti. Nilitoka Vihiga mume wangu alipopata kazi kwenye kiwanda cha simiti, tukapanga nyumba Kitengela miaka ya tisini, wakati ng'ombe walikuwa bado wengi kuliko nyumba za mawe. Kiwanja chetu cha kazi kilikuwa kando ya barabara ya Namanga: kibanda chake cha mabati upande huu, changu upande ule, na katikati nafasi ya gari moja. Kazi ndiyo iliyotuweka pamoja. Paa la namna ile lina kitambaa na lina umeme. Kitambaa kilikuwa changu, umeme wake.

Niieleze kazi yenyewe kidogo, maana ukiikosa hiyo hutamjua yeye. Nyuma ya kiti cha nyuma huwa kuna mota ndogo inayozungusha pampu ya mafuta. Mafuta husukuma mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande, mikono huinua fremu, na fremu hubeba turubai hadi mbele kwenye kioo. Kutoka kwenye swichi kuna waya ya kupandisha na waya ya kushusha. Halafu kuna waya ya tatu, fupi, isiyo na sura, iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Hiyo ni waya ya ardhi, ile inayorudisha umeme ulikotoka. Watu hulaumu mota, hulaumu swichi, huagiza mota nyingine kutoka ng'ambo na kungoja miezi, kumbe shida ni kale kawaya kafupi kalikoshika kutu. Yeye alianzia hapo kila mara. Alikwaruza chuma mpaka king'ae, akafunga, akajaribu paa. Gari likaendeshwa na mteja hadi kwenye daraja na kurudi, akajaribu tena. Likatembea mara nyingine, akajaribu mara ya tatu. Mteja anaweza kuruka juu na kushuka, bila mara ya tatu gari halitoki.

Alivaa shati jeupe kazini. Ndiyo, jeupe, lililopigwa pasi, na jioni lilikuwa bado jeupe. Alisema fundi anayechafuka anashika vitu asivyohitaji kushika. Mimi niliyekuwa na gundi hadi kwenye nyusi niliyachukulia maneno hayo kuwa matusi, na nadhani yalikuwa matusi.

Kabla ya kugusa gari alichora. Alichukua chaki akachora njia ya kila waya sakafuni, kutoka kwenye betri hadi kwenye mota, kwa urefu wake wa kweli, na ole wako ukiikanyaga. Siku moja mbuzi wa jirani walipita juu ya mchoro wa siku mbili. Hakuwafukuza. Alivuta kiti, akakaa, akawatazama wanavyopita mmoja mmoja, kisha akaanza kuchora upya kutoka kwenye betri. Nilicheka mpaka nikaacha cherehani. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Na kwenye mchoro ule waya hazikuitwa kwa rangi tunazozijua mimi na wewe. Alikuwa Mmaasai wa Bisil, na Wamaasai wana jina la kila rangi ya ng'ombe, hata ile ambayo mimi ningesema tu ni ya udongo udongo. Waya nyeusi ilikuwa narok, nyeupe naibor, nyekundu nanyokie, na ile ya kahawia inayokuwa na moto, yaani umeme, wakati wote, hata gari likiwa limezimwa, aliiita mugie na kuipa heshima zake. Waya ikipotea ndani ya bodi hakusema imepotea. Alisema haijarudi bomani. Mwanzoni nilidhani anafanya mzaha. Baadaye niliona kwamba hakuwahi kuchanganya waya hata moja, wala kuandika chochote kwenye daftari, na nikaacha kudhani.

Mambo yake mengine siyaelewi hadi leo. Aliogopa umeme wa nyumbani kuliko nyoka. Taa ikiungua kwake alikaa gizani mpaka mke wake amwite jirani abadilishe. "Ya gari inakuonya," alinieleza. "Ya nyumba haiongei na mtu." Alisema pia, tena mbele yangu bila haya, kwamba waya si kazi ya mwanamke. Lakini binti yake mkubwa, ambaye alishinda pale kila likizo ya shule, alijua kushika taa ya kupimia na kutafuta moto kabla hajajua kupika chapati. Nilipomkumbusha maneno yake alisema, "Huyo si mwanamke, huyo ni binti yangu." 

Magari yalitoka mbali. Siku moja alikuja mtu na gari la Kimarekani, refu, la rangi ya samawati, likivutwa na lori. Mwenyewe alikuwa daktari mstaafu anayeishi Nkoroi, mpole, anayeomba msamaha hata kwa mbwa akimkosea. Paa lilipanda lakini lilikataa kushuka. Karakana tatu za jijini zilikuwa zimeshindwa nalo. Mota ilikuwa mpya, swichi mpya, hata mafuta mapya. Fundi alichora kwa siku mbili. Siku ya tatu alitoa zulia la gari, akaanza kuvuta waya ya kushusha kwa vidole, taratibu, shibiri kwa shibiri. Karibu na mlango wa dereva ikarefuka kidogo mkononi mwake. Waya nzima hairefuki, aliniambia, kwa sababu shaba ya ndani inaikataza. Ikirefuka ujue shaba imekatika na ngozi ya nje tu ndiyo imebaki. Akapasua ngozi pale pale, na shaba ilikuwa imekatika kweli, kijani kwa kutu. Daktari alimshika mkono akautikisa hadi miwani ikamwanguka. Mimi nilisimama kando nikajisikia kama ni mimi niliyeisikia waya ile kwa vidole. Nakiri, nilikuwa mtu wa kujisifia kazi ya mwenzangu. Nikiwa sokoni nilisema, "Sisi tumetengeneza gari ya daktari," na hakuna mtu aliyenikatalia.

Kazi ya haraka haraka hakuitaka. Alikuja bwana mmoja na gari dogo jekundu, anataka waya ziunganishwe kwa selotepu tu, paa lipande mara moja, apige picha, basi. Fundi alimrudishia funguo. Bwana akauliza kama anajua anaongea na nani. Fundi akasema, "Najua. Naongea na mtu hajanielewa." Bwana akaondoka na paa lake wazi, na vumbi lote la Kitengela likaingia naye.

Sifa alikuwa nazo, basi, na alizijua. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye sifa zake zilikuwa hazijafika, na fundi alizitaka hizo kuliko za jiji zima. Huyo alikuwa kaka yake. Kaka alibaki Bisil na ng'ombe wa baba yao, mtu mrefu, maneno machache, na ng'ombe wake walijulikana sokoni kwa sura. Alipoleta wanyama machinjioni alipitia kwetu. Hakuingia. Alisimama barabarani, fimbo mabegani, akanisalimu kwanza, "Takwenya," nami nikaitikia "Iko" nilivyofundishwa. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mchunga waya! Ng'ombe zako zimekunywa maji?"

"Zimekunywa," fundi alijibu, naye akicheka.

"Na zimezaa?"

"Bado."

Kaka akaenda zake. Fundi hakuwa akicheka tena. Siku hizo za mnada shati lake lilikuwa jeupe kuliko siku zote, na gari lililokuwapo alilisukuma mbele ili lionekane kutoka barabarani. Kaka hakulitazama hata mara moja. "Nikifa atasema nilikuwa nacheza," fundi aliniambia siku moja, na alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Iliniuma sana. Nilitamani nimkimbilie yule mzee barabarani nimvute kwa shuka nimwonyeshe.

Nafasi ilikuja binti mkubwa alipoposwa. Alikuwa anaolewa Kimana, kwa mtu wa mashamba ya vitunguu, na ilikubaliwa atoke kwa boma la kaka huko Bisil, kwa sababu ndilo boma la baba yao. Daktari wa Nkoroi aliposikia alisema hakuna gari jingine litakalombeba bibi harusi isipokuwa lake, na ataliendesha mwenyewe.  Fundi aliniambia tu, "Watakuwa huko wote, Mama Viti." Nilijua wote ni nani.

Nikajitolea kulishonea gari lile turubai jipya. Lile la zamani lilikuwa limepauka, na mimi nilitaka jeupe, la harusi. Nilishona wiki nzima. Ili kubandika ukingo wa nyuma vizuri nilifungua bolti moja iliyokuwa ikinizuia, nikapaka gundi, nikabandika, nikairudisha bolti. Ilikuwa ya waya ya ardhi. Nilijua ni ya waya ya ardhi. Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia akisema chuma king'ae, na bado niliirudisha juu ya gundi kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na kitambaa kilikuwa kimekaa sawa. Alipojaribu paa likapanda na kushuka bila tatizo. Daktari alikuwa na haraka ya kwenda kupumzika kabla ya safari. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, fundi hakungoja mara ya pili wala ya tatu.

Kule Bisil asubuhi ile sitaisahau. Sisi watu wa Kitengela tulifika mapema. Fundi sikumtambua mara moja, kwa sababu hakuwa na shati jeupe. Alivaa shuka nyekundu na sime yake kiunoni kama wazee wengine. Binti alitoka akiwa amepambwa shanga kutoka kichwani hadi kiunoni, akabarikiwa kwa maziwa, akatembea pole pole kama inavyotakiwa. Kwao msichana akitoka nyumbani siku hiyo haangalii nyuma. Wanasema akigeuka atageuka jiwe. Mama zake walimkumbusha tena na tena mpaka mlangoni. Akapanda, akakaa kiti cha nyuma, macho mbele. Paa lilikuwa chini, na wanawake wakaimba.

Ndipo manyunyu yakaanza. Wazee wakafurahi, mvua ni baraka. Daktari naye akafurahi, akabonyeza swichi. Turubai langu jeupe likainuka kutoka nyuma, watu wakapiga kelele za kushangaa, watoto wakarudi nyuma. Likafika katikati, likasimama wima juu ya kichwa cha binti, na likabaki hapo. Daktari akabonyeza tena. Kimya. Halikupanda, halikushuka, na gari haliwezi kwenda hivyo, upepo ungelipasua kabla ya kufika lami. Kumshusha binti nako hakukuwezekana, maana angerudi bomani. Wimbo ukafa. Mvua ikaanza kuwa mvua.

Nilimtazama kaka. Alikuwa anamtazama fundi.

Fundi alifungua buti. Hakuwa na spana wala taa wala chaki. Aliingia ndani na shuka yake, akalala kifudifudi, akatambaa mpaka nyuma ya kiti, na miguu tu ikabaki nje. Fremu ikaanza kuyumba kwa upepo. Akapiga kelele kutoka ndani, "Mtu ashike hiyo chuma!" na kabla mimi sijasogea kaka alikuwa ameshaweka fimbo chini. Akashika fremu kwa mikono miwili na kuinyanyua, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

Kati ya fundi na mgongo wa binti yake palikuwa na unene wa kiti tu. Binti alisikia anavyohema. Hakugeuka. Maji yalikuwa yakimshuka usoni, na sikuweza kujua kama ni ya mvua tu.

"Baba," alisema, macho mbele. Waliongea kile Kiswahili chao cha kazini. "Mota inalia?"

"Hailii."

"Basi si mafuta. Swichi ikibonyezwa kuna moto hapo nyuma?"

"Sina taa ya kupima. Nyamaza uangalie mbele."

"Naangalia mbele. Anza na ardhi."

Kichwa cha fundi kikachomoza nyuma ya kiti, kikageukia upande wetu, kikarudi chini. Kisha nikasikia chuma kikikwaruza chuma, pole pole. Alikuwa ametoa sime. Nilipoisikia sauti ile nikajua anachokwaruza ni nini. Alikwaruza muda mrefu. Akafunga bolti kwa vidole, akaikaza kwa ncha ya sime, akasema, "Daktari, bonyeza."

Mota ikalia. Kaka akaachia fremu, fundi akajivuta nje na kufunga buti. Turubai likaendelea mbele juu ya kichwa cha binti, likashuka hadi kwenye kioo, daktari akalifunga, na mvua ikabaki nje. Wanawake wakapokea wimbo pale ulipokatikia. Gari likatoka getini pole pole, na kupitia dirisha dogo la nyuma, lile nililolishonea mimi, niliona kichwa cha binti kimesimama wima mpaka gari likapotea kwenye miti ya migunga.

Fundi alitoka kwenye tope ambapo gari lilikuwa, shuka imelowa, mikono imejaa gundi. Watu wote walikuwa wakimngoja aseme. Kaka akauliza nini ilikuwa.

Fundi aliangalia mikono yake, kisha akaangalia watu. "Ni mimi," alisema. "Sikusafisha chuma vizuri."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Sikusema. Nilirudi Kitengela nimefunga mdomo kama mwizi, na kwa miezi mingi nilifanya kazi upande wa pili wa gari moja naye bila kuligusia jambo lile. Baadaye mume wangu akahamishwa kazi, tukahamia upande wa Rongai, na likabaki hivyo. Lilinila. Nilimjua mtu mwenye kiburi cha kazi kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na siku pekee aliyoihitaji kazi ile isimame mbele ya nduguze, alibeba kosa langu kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwisho nikaenda. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Kiwanja kilikuwa kile kile, ila barabarani kumejaa maduka. Pale katikati palikuwa na pikapu ya kubebea mbuzi, na miguu ya fundi ikitokea chini ya dashibodi. Kwenye kiti changu cha zamani cha kushonea alikuwa amekaa kaka yake, fimbo katikati ya magoti. Tulisalimiana. Nikakataa chai. Nilijua nikikaa sitasema.

"Mzee," nikamwambia kaka, "ile siku ya harusi, ile gari haikukataa sababu ya huyu. Ni mimi niliweka gundi kwa ile waya. Nilijua na nikanyamaza. Nimekuja kuomba msamaha, kwake na kwako."

Kaka aliilaza fimbo chini. Miguu chini ya dashibodi ilikuwa imetulia.

"Mama," akasema, "sisi tulijua siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshika ile chuma, naona ndani. Aliona ile kitu, akainua kichwa, akaangalia wewe. Akarudisha kichwa, akaanza kazi." Akaelekeza kidevu kwenye ile miguu. "Fundi akikosea anaangalia mkono yake. Huyu aliangalia wewe kwanza."

Fundi alitoka chini ya dashibodi. Shati lilikuwa jeupe. Hakunitazama mimi, alimtazama kaka yake, na nadhani neno lile moja, "fundi", alikuwa amelisikia kule chini alikokuwa.

"Ningesema ni Mama Viti," alisema, "mngeniuliza nani alikagua. Na kukagua ni yangu." Kisha akaniambia, kwa ukali wa kawaida, "Lakini gundi hiyo ilinitoa jasho. Uliipaka kama unga ya chapati."

Nilicheka nikilia. Kaka aliinuka, akaenda kwenye pikapu, akainama akachungulia zile waya zilizoning'inia kama mtu anayechungulia ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo.

"Hii ya kahawia," akamuuliza mdogo wake, "umesema inaitwa nani?"